Mizani ya Bibi Mamie Clark

Walimwengu wana desturi ya kumkumbuka mtu kwa jambo moja na kuyasahau mengine tisa. Ndivyo alivyotendewa Mamie Phipps Clark, mwanamke mweusi wa Marekani, bingwa wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia. Likitajwa jina lake, na aghalabu halitajwi pasipo kutanguliwa na la mumewe, hutajwa pamoja na wanasesere wanne waliopata kuwa hoja mahakamani. Habari hiyo ni ya kweli, ina fahari yake, wala haiwezi kurukwa. Walakini wanasesere walikuwa kazi ya miaka michache. Kazi ya maisha yake ilikuwa nyingine: kwa muda wa miaka 33, toka 1946 mpaka 1979, alisimamia nyumba moja katika mtaa wa Harlem, mjini New York, ambamo mtoto mweusi aliyesumbuka moyoni au aliyeshindwa shuleni aliweza kupokewa, kusikilizwa, kupimwa kwa haki na kusaidiwa. Habari za mahakama hupata waandishi wengi. Habari za nyumba kama ile hupata wachache, maana hazina siku moja ya ushindi ambayo kalamu yaweza kuishika.

Alizaliwa tarehe 18 Aprili 1917 katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, ambako siku zile sheria iliwatenga weusi na weupe tangu benchi la shule mpaka kaburi. Baba yake, Harold Phipps, alikuwa daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibi; mama yake, Katie, alimsaidia mumewe katika shughuli za uganga. Haikuwa nyumba ya dhiki, na Mamie mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisema kwamba utoto wake ulikuwa wa furaha. Neno hili halifai kupitwa upesi. Watu hudhani kuwa mwenye kuchunguza majeraha ya nafsi lazima awe amejeruhiwa kwanza. Huyu hakutoka katika nyumba iliyovunjika. Alitoka katika nyumba iliyokuwa kinga yake, na yamkini hiyo ndiyo sababu alijua kinga ni kitu gani, na mtoto aliyeikosa amekosa nini.

Mwaka 1934 aliingia Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, akiwa na msaada wa masomo, na nia yake ilikuwa hesabu. Waalimu wa hesabu aliwaona baridi, hasa kwa wanafunzi wa kike. Huko alikutana na Kenneth Clark, mwanafunzi aliyemtangulia, naye akamshawishi kuiacha hesabu na kufuata elimu ya nafsi. Walioana kwa siri mwaka 1937, na mwaka 1938 Mamie akapata shahada yake ya kwanza kwa sifa kubwa. Kiangazi cha mwaka ule alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili weusi wa Washington, akina Houston, ambamo ziliandaliwa kesi za kupinga ubaguzi. Karani asiye na cheo husikia mengi. Alitoka katika ofisi ile akijua kwamba sheria iliyojengwa na watu yaweza kubomolewa na watu, ilimradi wawe na ushahidi.

Ushahidi alianza kuutafuta katika insha yake ya shahada ya pili, aliyoimaliza mwaka 1939. Suali lake lilikuwa dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: mtoto mweusi ambaye hajafika umri wa shule huanza lini kujijua kwamba yeye ni mweusi, na akijijua hivyo, hujionaje? Kenneth Clark hakuona haya kukiri, si mara moja, kwamba utafiti ule ulikuwa wa mkewe, na kwamba yeye aliingia ndani yake kama mgeni aliyekaribishwa. Hilo laonyesha uungwana wake. Walakini kumbukumbu za watu hazikumsikiliza.

Katika utafiti huo walioupanua wakiwa wawili, na wakauchapisha mwaka 1947, waliwajaribu watoto weusi 253, wenye umri wa miaka mitatu mpaka saba. Watoto 134 walikuwa wa Arkansas, katika shule za utengano, na 119 walikuwa wa Springfield, jimbo la Massachusetts, katika shule zilizochanganya rangi. Mbele ya kila mtoto waliwekwa wanasesere wanne, sawasawa kwa umbo na kwa sura, wawili wa maji ya kunde wenye nywele nyeusi, na wawili weupe wenye nywele za kimanjano. Mpangilio wa maneno ulikuwa na hekima yake. Kwanza mtoto aliombwa atoe mwanasesere ambaye angependa kucheza naye. Kisha aliye mzuri. Kisha aonekanaye mbaya. Kisha mwenye rangi nzuri. Baada ya hayo aliombwa aonyeshe yupi mweupe na yupi mweusi. Mwisho kabisa, mkono ukiwa umekwisha nyoshwa mara nyingi na haukumbuki tena kujificha, akaambiwa: Nipe anayefanana na wewe.

Theluthi mbili ya watoto walitaka kucheza na mweupe. Watoto 59 katika kila 100 walisema kuwa wa maji ya kunde ndiye aonekanaye mbaya. Wala haikuwa kwa kutojua rangi, kwa kuwa zaidi ya tisa katika kila kumi waliwatenga weusi na weupe pasipo kukosea. Walijua. Kisha yakaja maneno ya mwisho, na wako watoto, hasa wa Kaskazini, waliolia au kutoka chumbani mbio. Mtu mzima aliyekwisha kumwita fulani mbaya, halafu akatakiwa aseme kuwa fulani huyo ni yeye, huwa na ufasaha wa kujitetea. Mtoto wa miaka mitano ana miguu tu.

Hapana budi kusema kwamba majaribio haya yamepingwa na wasomi, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Kuchagua mwanasesere si lazima kuwe ni kujichukia nafsi. Mtoto huenda akamchagua yule anayemwona kila siku katika vitabu na madirisha ya maduka. Tena watoto wa Kaskazini, waliosoma pamoja na weupe, walimpenda mwanasesere mweupe kidogo zaidi kuliko wale wa Kusini, na mpinzani aliweza kuuliza: Basi utengano una kosa gani? Jawabu la akina Clark lilikuwa kwamba mtoto wa Kusini ameyapokea mambo na kunyamaza, na wa Kaskazini angali anagombana nayo moyoni. Na utulivu wa mtu aliyekata tamaa si afya. Jawabu hilo lina nguvu, ingawa halifungi mjadala. Jambo moja walakini halikanushiki. Kabla ya Mamie Clark kuketi chini na watoto hawa, wataalamu wengi waliotaka kujua habari za akili ya mtoto mweusi walimpima kichwa na kuandika upungufu wake. Yeye alimwuliza.

Shahada ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943, akiwa mtu mweusi wa pili kuipata huko katika elimu ya nafsi. Wa kwanza alikuwa mumewe, mwaka 1940. Alikwisha kuwa mama wa watoto wawili. Msimamizi wake alikuwa Henry Garrett, mtu mwenye jina kubwa katika elimu ya vipimo, ambaye aliamini kuwa watu weusi ni duni kwa maumbile. Mamie aliyajua maoni yake, akasoma kwake vivyo hivyo; akajifunza vipimo kwa yule aliyevitumia kuwadunisha watu wake. Alipohitimu, mwalimu alimshauri arudi Kusini akafundishe katika shule ya watu weusi. Hakurudi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1952, ilipokuwa ikisikilizwa kesi ya shule za wilaya ya Prince Edward, Virginia, Garrett alisimama kuutetea utengano. Na mmoja wa walioitwa kutoa ushahidi ili kumjibu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Daktari Mamie Clark. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Lakini hayo yametangulia mbele ya wakati wake. Mwaka 1943 Harlem haikumwona kama shujaa, wala New York haikumwona kabisa. Mwanamke mweusi mwenye shahada ya juu katika elimu ya nafsi alikuwa kioja kisicho na mahali pake. Wanaume weupe wenye elimu kama yake walipata kazi vyuoni. Mumewe, mwanamume mweusi, alipata. Yeye alipewa kazi ya kuchambua tarakimu za wauguzi, kazi aliyoiona ya kumvunja moyo. Kisha akapata nafasi ya kuwapima wasichana weusi wasio na makwao, katika nyumba moja ya malezi huko Riverdale. Pale macho yake yalifunguka. Wasichana walipimwa, majibu yakaandikwa, na baada ya kuandikwa hapakuwa na pa kuwapeleka. Siku zile utunzaji wa watoto wenye shida mjini New York ulikuwa zaidi mikononi mwa vyama vya dini, kila kimoja na watu wake, na mtoto mweusi aliwekwa nje ya milango mingi. Harlem ilikuwa na mamia ya maelfu ya watu, na hapakuwa na huduma ya maana kwa mtoto aliyeingiwa na hofu, au aliyenyamaza ghafula, au aliyekuwa akipigana kila siku asijue kwa nini.

Akina Clark walikwenda kwa mashirika ya ustawi mmoja mmoja, wakaomba kila moja liongeze japo huduma ndogo kwa watoto wa Harlem. Walikataliwa kote. Basi wakakopa dola 946 kwa baba yake Mamie, na mwanzoni mwa mwaka 1946 wakafungua kituo chao katika vyumba vya chini vya majumba ya Dunbar, yaitwayo hivyo kwa kumkumbuka mshairi mweusi Paul Laurence Dunbar. Majumba hayo yana historia ya fahari: walipata kukaa humo W. E. B. Du Bois, na Paul Robeson, yule mwimbaji ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili mjini London. Kituo chenyewe hakikuwa na fahari yoyote. Kilikuwa na vyumba vichache, wataalamu waliofanya kazi kwa kujitolea, na jina la kiofisi lililokuja kubadilishwa kuwa Northside Center for Child Development.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule ilifunguliwa Harlem zahanati nyingine ya maradhi ya akili, Lafargue, nayo vilevile katika vyumba vya chini, vya nyumba ya kanisa la St. Philip's, mgonjwa alilipa senti 25 akiwa nazo. Iliongozwa na daktari mweupe, Fredric Wertham, na mwandishi Richard Wright aliieneza sifa yake kwa kalamu. Ni jambo la kutazamwa kwamba matibabu ya moyo wa mtu mweusi katika mji tajiri kuliko yote duniani yalianza chini ya ardhi, mahali pawili, kwa mwaka mmoja. Lafargue ilifungwa kabla ya miaka ya 1960 kuingia. Iliyodumu ni ile isiyokuwa na mtunzi mashuhuri wa kuitangaza.

Wengi wa wazazi wa kwanza hawakuja kwa hiari, maana kumpeleka mtoto kwa mganga wa akili kulikuwa sawa na kumtangazia wazimu mbele ya majirani, na wazimu ulikuwa fedheha ya ukoo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Lugha yetu ina maneno mengi ya huruma kwa mwenye homa au aliyevunjika mguu. Kwa mwenye maradhi ya akili ina kichaa, na mwehu, na punguani, na yote hutumiwa kuwa matusi. Mamie Clark hakuwahubiria wazazi kuhusu aibu. Alitafuta mlango mwingine. Wazazi wale walikuwa na dhiki moja waliyoweza kuitaja pasipo kuinamisha uso: mtoto hasomi. Basi kituo kikapima watoto na kufundisha kusoma na hesabu, na aliyekuja kwa ajili ya kitabu akapata na mtu wa kumsikiliza.

Mapema tu walifika wazazi wenye malalamiko mamoja. Shule za serikali zilikuwa zimewatia watoto wao katika madarasa ya wapungufu wa akili, na wao hawakusadiki. Mama anayemtuma mtoto dukani, akarudi na chenji kamili na habari za mtaa mzima, hawezi kusadiki upesi kwamba mtoto huyo ni punguani. Kituo kiliwapima upya, mmoja mmoja, kwa utaratibu ulio sawa. Wengi wao walikuwa juu ya kiwango ambacho shule zenyewe ziliweka kuwa mpaka wa madarasa yale. Maana yake ni kuwa walikuwa wamewekwa humo kinyume cha kanuni. Kituo kikazitangaza habari hizo na kuzikabili shule.

Hapa ndipo ilipo hasa kazi ya mwanamke huyu, wala si kwa wanasesere. Wengi waliotaka kumtendea mema mtu mweusi walimpima kwa mizani iliyopo, wakamwona amepungua, wakamhurumia. Yeye aliikagua mizani. Washairi wa Kiswahili wanalo neno hilo kwa maana ya pili, na kwao ni rahisi kuelewa: mtunzi hulaumiwa kwa guni, lakini kwanza lazima mwenye kuhesabu awe anajua kuhesabu. Mtoto aliyeitwa mpungufu wa akili kwa miaka mitatu, katika chumba ambamo hafundishwi kitu, mwaka wa nne atafanana na jina lake. Je, huyo ni mgonjwa? Kwa namna fulani amekuwa mgonjwa. Lakini ugonjwa wake una anwani, na anwani hiyo si ya kwao.

Kwa sababu hiyo haukukosekana ubishi na baadhi ya mabingwa wa maradhi ya nafsi, ambao kwao kila shida ya mtoto hutokana na mambo ya siri kati yake na wazazi wake, na dawa yake ni mazungumzo ya miaka mingi. Akina Clark hawakuyadharau mazungumzo, waliyatumia. Walichokataa ni kumzungumzisha mtoto juu ya ndoto zake na kulinyamazia paa linalovuja, panya, shule mbovu, na baba aliyenyimwa kazi kwa rangi yake. Wakaajiri watu wa ustawi wa jamii na waalimu pamoja na waganga, weusi na weupe katika chumba kimoja, jambo ambalo lenyewe lilikuwa nadra siku zile. Mizozo hiyo haikuwa rahisi kwa kituo kilichohitaji fedha za wafadhili kila mwaka. Kuna ushujaa wa kusimama mbele ya mahakimu, na kuna ushujaa wa kukataa ushauri wa mtu aliyeshika hundi mkononi. Huu wa pili hauna picha magazetini.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ilitoka tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, ikasema kuwa kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Katika tanbihi yake ya 11 mahakama ilitaja maandishi ya wataalamu waliothibitisha madhara ya utengano katika nafsi ya mtoto, na la kwanza katika orodha ile ni la K. B. Clark, la mwaka 1950. Jina la Mamie halimo. Sababu yaweza kuelezwa pasipo hila ya mtu yeyote: waraka uliotajwa ulikuwa wa Kenneth peke yake, na ndiye aliyekwenda na wanasesere mpaka Carolina Kusini mwaka 1951 akawajaribu watoto 16 wa wilaya ya Clarendon, ambao 11 kati yao walisema mwanasesere wa maji ya kunde ndiye mbaya. Hata hivyo wasomi, ambao riziki yao imo katika tanbihi, wanajua kuwa mtu asiyetajwa mara ya kwanza hunakiliwa kutotajwa mara ya mia. Suali alilolianza msichana wa miaka 21 likawa suali la mumewe kwa muda wa kizazi kizima. Siku ile ya Mei, kituo kilikuwa na watoto wa kuonwa kama siku nyingine zote.

Mwanamke mweusi wa Marekani amesifiwa mno kwa nguvu. Alibeba utumwa, akabeba ufukara, akalea watoto wake na wa wengine, na hakuanguka. Hivyo ndivyo asemwavyo katika nyimbo na mahubiri. Sifa hii ni tamu, na ndani yake imo sumu, kwani aliyekwisha kuitwa mwamba hana ruhusa ya kuumwa. Atamwendea nani aseme kwamba halali usiku? Miongoni mwa waliolitambua jambo hili baada ya Bibi Clark alikuwa Byllye Avery, ambaye mumewe alifariki ghafula mwaka 1970 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 33. Mwezi wa Juni 1983 aliitisha mkutano katika chuo cha Spelman, mjini Atlanta, juu ya afya ya wanawake weusi. Wakaja kiasi cha 2,000. Waliyoyazungumza hayakuwa ya mwili tu. Kutoka hapo vilizaliwa vikundi ambamo wanawake walikaa duara na kusemezana ukweli wa maisha yao: kipigo, upweke, huzuni isiyo na jina. Hakuna aliyetakiwa kuwa mwamba.

Baadaye alitokea Bebe Moore Campbell, mtunzi wa riwaya, aliyeuguliwa akili na jamaa yake wa karibu, akanyamaza kwa muda kwa sababu ya aibu, kisha akachoka kunyamaza. Aliandika, akazungumza hadharani, akaanzisha pamoja na wenzake tawi la kuwasaidia jamaa za wagonjwa katika mitaa ya watu weusi ya Los Angeles. Alifariki mwaka 2006, na mwaka 2008 Bunge la Marekani liliutangaza mwezi wa Julai kwa jina lake, kuwa mwezi wa kukumbusha afya ya akili miongoni mwa jamii za wachache. Hawa wawili walipata kitu ambacho Bibi Clark hakukipata mwaka 1946: wanawake wenzao tayari kusikia. Yeye alianza na kina mama waliokuja kwa siri, wakishika mikono ya watoto.

Nao wanasesere wamerudi mara kwa mara. Mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari mjini New York, Kiri Davis, msichana mweusi, aliyarudia majaribio kwa watoto 21 mbele ya kamera yake ya filamu. Watoto 15 walimchagua mweupe. Wengine wametaka kuona humo kwamba kazi ya Mamie Clark ilipita bure. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mahakama yaweza kufungua mlango wa shule kwa siku moja. Haiwezi kuingia dirishani mwa duka, wala katika picha za sinema, wala katika sauti ya mjomba anayemwita mpwa wake mweusi kama chungu na wote wakacheka. Kwa mambo hayo hutakiwa nyumba iliyo wazi kila siku, na mtu ndani yake ambaye hachoki.

Alivyokuwa katika kazi ndivyo anavyosimuliwa na waliofanya kazi naye: mtulivu, mwenye adabu, mavazi yake nadhifu, mkaidi. Mumewe alipenda mimbari na alijua kuitumia. Yeye aliketi ofisini akahakikisha kwamba mishahara inalipwa na kwamba mtoto wa saa nne hakungoja mpaka saa sita. Mtu akitaka kuandika juu ya kuwezeshwa kwa wanawake, kama isemwavyo siku hizi, afadhali aandike na habari za daftari la mishahara. Mamlaka ya mwanamke huyu hayakuwa ya kupewa kwa hotuba. Alikuwa na funguo.

Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alijishughulisha na jambo ambalo mganga wa kawaida hangelihesabu kuwa lake. Kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya bustani kuu ya mji, mahali Harlem inapoanzia, palikusudiwa kujengwa majumba ya kukaa watu wa kipato kidogo na cha kati, na yeye alikuwa mmoja wa waliosukuma mpango huo mpaka ukatimia. Yaliinuka majumba mawili ya orofa 35, yakapewa jina la Schomburg, kwa heshima ya mkusanyaji mkuu wa vitabu vya watu weusi. Mwaka 1974 kituo cha Northside kilihamia hapo, na watoto wengine wakawa wanashuka kwa lifti tu kuja kumwona mwalimu au mganga wao. Aliongoza miaka mitano zaidi, akastaafu mwaka 1979, na akafariki tarehe 11 Agosti 1983, majuma machache baada ya wanawake 2,000 kukutana Atlanta. Vile vyumba vya chini ya majumba ya Dunbar vilikuwa vimekwisha achwa zamani.